Tarehe 17 mwezi wa kwanza

Niko na hadithi inne za sayansi ya kubuni mu simu, zote za hapa Goma, na kwa kweli hazikuwa zinashikana hata kidogo. Moja ni ya mashua yenye kuvuta gazi ya ziwa Kivu, ingine ni ya motari mwenye pikipiki yake inaongea, zile mbili sizitaji bado juu zinanipatisha haya. Mutoto wa yaya yangu (mukubwa wangu wa kuzaliwa) akazisoma akaniuliza, sasa hii ni seri ama ni vipande tu? Nikanyamaza.

Kiisha nikarudilia Foundation, hadithi za sayansi ya kubuni za Asimov, nikaona ujanja. Hari Seldon, mwanahesabu mwenye alitabiri mambo ya mbele na kuanzisha koloni, alishakufaka zamani, lakini koloni yake ikitimiza miaka 50 chumba fulani kinafunguka, picha yake inatokea na kuwaambia watu ile alikuwa amewaficha. Mwaka wa 80 anatokea tena. Watu wa hadithi karibu wote ni wapya, hujamuzoea mutu, ila ile aniverseri njo inakushika mukono. Lakini mimi napenda zaidi pale kwa Mule, adui mwenye Seldon hakumutabiri: wanakusanyika kumusikiliza, muzee anaeleza vita ingine kabisa yenye haikutokea, na adui ndiye huyo ameshafika. Nilicheka peke yangu mu giza (umeme ulikuwa umeenda, kawaida).

Na sisi tunafanyaka vile kila siku bila kitabu. "Huyo alizaliwa mbele ya volka." Volka gani sasa? Mama akisema volka (mulima wetu wa moto, Nyiragongo, ukilipuka) ni ya 17/1/2002, ile lava ilipita katikati ya muji mpaka ikaingia ziwani, babu yeye ni ya 1977, na huyu mutoto anayenisumbua ni ya 22/5/2021, juu njo ile alikimbia akibebwa mugongoni.

Basi nikarudisha hadithi zote kwa 17/1. Mashua ni 2052, miaka 50 kamili, wazee bado wanalia. Pikipiki ni 2102, fanfare inapita, watoto wanauza keki nyeusi, na muji muzima unazania ni sikukuu ya kuzaliwa ya meya fulani wa zamani, pikipiki tu njo inajua, na hakuna mwenye kuiuliza, inapiga tu honi.

Mutoto wa yaya hajafurahi. Anasema nimechagua 17/1 juu njo volka yangu. Anataka ya tano ianze jioni ya 22/5, na yeye njo akuwe mwenye pikipiki.