Mfarishi wangu wa viraka: vipande 27 vimeisha, majina yamenibadilishia patani

Mwezi wa tano, mwanzoni

Bibi kafungua sanduku lake kanipa khanga 9 zilizochakaa, akaniambia nikafanyie matambara ya kudekia. Nilizishika nikashindwa, maana zingine nazikumbuka tangu niko mdogo, nikamwambia bibi mimi naenda kukushonea blanketi la viraka. Akasema hilo jina lake mfarishi. Basi mradi ukapata jina siku hiyohiyo.

Kitanda chake ni futi 5 kwa 6, kwa hiyo mfarishi utakuwa futi 6 kwa 7 ili udondoke kidogo pembeni. Hesabu inakuja rahisi: vipande 42 vya futi moja moja.

Patani yenyewe ndo nilitaka kuielezea. Haina vipimo vya ndani, kipimo ni kimoja tu cha nje. Unaanza na kiraka chochote katikati, pembe nne, hata kama kimepinda kidogo, unazungushia vipande virefu pande zote, kimoja chembamba kingine kipana, unaendelea kuzungusha mpaka kizidi inchi 13 hivi, halafu unakata kibaki inchi 12 na nusu, ile nusu inaliwa na mishono, robo huku robo kule. Nimemwomba fundi seremala anikatie kibao cha saizi hiyo, nakiweka juu nachora na chaki. Na hapo kwenye kibao ndo kuna raha yote, kwa sababu ukikiweka sawa unapata boksi ndani ya boksi, ukikiinamisha kidogo mistari yote inalala upande, kiraka kilekile kinakuwa kingine kabisa.

Mtindo huu wanawake wa Gee's Bend kule Alabama wanauita Housetop, yaani paa la nyumba. Ni kijiji kwenye kona ya mto, watu wake wengi ni wazao wa watumwa wa shamba la pamba, na walishona na nguo za kazi zilizochanika ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 2002 mifarishi yao ikatundikwa makumbusho Houston na baadae New York, na 2006 posta ya Marekani ikaiweka kwenye stempu. Nimeziangalia picha zake mpaka usiku wa manane. Hakuna miwili inayofanana, na huoni mahali mtu alipobanwa na rula.

Wiki ya tatu

Vipande 8 vya kwanza vilinipa kelele. Khanga peke yake ina maua, ina pindo, ina nukta, ukizichanganya tano kwenye futi moja jicho halina pa kupumzika. Nikanunua kaniki na marekani, vitambaa vitupu visivyo na maua, kimoja cheusi kingine cheupe, na sheria niliyojiwekea ni kwamba kila kipande lazima kiwe na mzunguko mmoja wa kimojawapo. Mabadiliko yake nilivoyaona nilikaa chini. Kaniki inaifanya khanga nyekundu iwake kama taa. Na marekani nimeipenda zaidi kwa sababu ya historia yake, jina lilitokana na pamba iliyokuwa inaletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, karne ya 19. Kitambaa cha watu wa kule na mtindo wa watu wa kule, vimekutana na khanga za bibi yangu hapa Tanga.

Mwezi wa sita

Tatizo kubwa. Nilivounganisha mstari wa kwanza wa vipande 6 haukulala, umefanya mawimbi kama mkeka uliolowa. Nilifumua usiku mzima nikitafuta kosa kwenye mashine, kumbe kosa ni ule mchezo wa kuinamisha kibao, ukiinamisha kingo zote zinakuwa zimekatwa hanamu, yaani kimshazari, na kitambaa cha hanamu kinavutika hata kwa pasi tu. Halafu khanga yenyewe imezeeka, inavutika mara mbili.

Dawa niliyoipata: sasa nashonea kila kitu juu ya marekani nyepesi. Nakata marekani pembe nne kwanza, iliyonyooka, naanza katikati kushona viraka juu yake, nimeviinamisha upande wowote ninaotaka, mpaka imejaa, ndo naweka kibao kikae sawa na kingo za marekani. Viraka vinalala upande, kingo hazivutiki. Na pale khanga ilipokuwa inapukutika inapata mgongo. Ubaya ni uzito, kwa hiyo katikati sitaweka blanketi, nitaweka shuka moja kuukuu, joto la hapa lenyewe linatosha.

Wiki iliyopita

Majina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye khanga. Nilipanga kuyakata neno neno niyatawanye mfarishi mzima, nikaona litakuwa jambo jipya kabisa. Nikatandaza sakafuni kumwonyesha bibi, neno WEMA huku, HAUOZI kule. Akaangalia muda mrefu, akasema, "Mjukuu wangu, jina usilikate. Hilo babu yako aliniletea nilipojifungua mama yako, alilichagua dukani kwa maneno yake." Sikuwa na la kujibu.

Lakini jina zima linazidi futi moja. Nimewaza siku tatu, jibu likatoka kwenye patani yenyewe: kipimo cha nje nimekiweka mimi, naweza kukiongeza. Kwa hiyo majina 5 yanayosomeka bado yanapata vipande vya futi 2 kwa 1, jina linapita katikati kama kamba, kaniki inalizunguka. Vitano hivyo vinakula nafasi 10, vya kawaida vinabaki 32. Nilikuwa nimeshakata jina moja tu, lile la WEMA HAUOZI, nimelirudisha kwa mshono mwembamba, ukikaa karibu unauona.

Mpaka leo: vya futi moja 27, vya majina 3. Bado sijajua majina yote yasomeke kuelekea upande mmoja au mengine yamwelekee yeye aliyelala na mengine yamwelekee anayeingia chumbani. Bibi anataka lile la babu liwe upande wa mto wa kulalia, limtazame yeye. Hilo limeshapangwa, nitaanza kupiga bandi, kushikiza matabaka pamoja, kutokea hapo.