Kumsikiliza Mtu Bila Kumkatiza

Katika mafunzo ya afya ya akili ninayowapa wahudumu wa afya ya jamii hapa Kilifi, zoezi linalowashinda wengi ni lile linaloonekana jepesi kuliko yote: watu hukaa wawili wawili wakielekeana, mmoja akaeleza jambo linalomsumbua, na mwenzake akasikiliza kwa dakika tano bila kushauri, kuhubiri wala kusimulia yaliyompata yeye. Dakika ya pili haijaisha, utasikia "vumilia tu, yatapita". Wanaosema hivyo ni watu wema, ambao majirani huwakimbilia wakifikwa na shida, na wema huohuo ndio unaowaharakisha. Mama mmoja, mhudumu wa miaka mingi, alieleza baada ya zoezi kwamba aliposhauriwa alinyamaza, kwa sababu jambo lililokuwa likimuuma hasa alikuwa bado hajalifikia. Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Muda mwingi zaidi ninautumia kwenye swali la kujiua, ambalo ninasisitiza liulizwe waziwazi: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba wakiuliza watampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo, ilhali Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujiua, na mara nyingi humpunguzia wasiwasi. Hofu nyingine ilikuwa ya polisi, nayo ilikuwa na msingi, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, hata aliyenusurika akawa na sababu ya kuficha kilichomfikisha hospitalini. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwangu mimi uamuzi huo ni wa thamani kubwa, na ninausoma katika kila mafunzo, maana wengi vijijini hawajapata habari zake.

Mtu akijibu "ndiyo", msikilizaji asimwahidi siri isiyo na mipaka. Amweleze kwa upole kwamba maisha yake yakiwa hatarini italazimu wengine wahusishwe, amuulize angependa nani aitwe kwanza, asimwache peke yake, na ahakikishe kwamba dawa za kuulia wadudu wa shambani zimeondolewa nyumbani humo, kisha amsindikize hadi kituo cha afya.