Kona ya Kukodi, Hannover 2001

Taabu ya kuonyesha programu ya kompyuta ni kwamba haishikiki. Muuza kibodi anaiweka mezani, mgeni anaibonyeza mwenyewe, mazungumzo yameanza. Sisi tulikuwa na programu ya stoo na mauzo ya dukani, na kwenye skrini haikuwa na mvuto wowote: jedwali, mistari, tarakimu. Mpita njia hakuwa na sababu ya kupunguza mwendo.

Na wapita njia walikuwa wengi kupindukia. Ilikuwa Machi 2001, mjini Hannover, Ujerumani, kwenye CeBIT, maonyesho ya biashara ya kompyuta na simu. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1970 yakiwa sehemu tu ya maonyesho makubwa ya viwanda ya mji huo, yakajitenga mwaka 1986, na mwaka ule tulioingia sisi yalifika kileleni: waonyeshaji zaidi ya 8,000, wageni zaidi ya 800,000. Treni ilitumwaga stesheni ya Laatzen, umati ukatubeba hadi kwenye daraja la vioo lenye sakafu inayotembea, na kabla sijapata mahali pa kufungia kamba ya kiatu tulikuwa tumeshaingia. Hoteli zilikuwa zimejaa zamani sana. Wenyeji walikwisha zoea kuwapangisha wageni wa maonyesho vyumba vya nyumbani kwao, kwa hiyo mimi nililala kwenye kitanda cha mtoto wa familia moja, na mwenzangu kwenye kochi la jirani yao.

Hata banda halikuwa letu. Tulikodi kona ndani ya banda la kampuni nyingine: kaunta moja, soketi moja, stuli mbili. Kompyuta nayo tulikodi hapohapo. Anayedhani ukishalipia nafasi umemaliza, hajawahi kuonyesha biashara Ujerumani. Umeme una fomu yake, zulia lina fomu yake, laini ya simu ina fomu yake, na kapu la taka pia lina fomu yake.

Aliyetuokoa ni mwenzangu. Alikuwa amebeba printa ya risiti, ile ya pini yenye kelele, kwa ajili ya majaribio tu. Asubuhi ya kwanza watu walitupita kana kwamba sisi ni nguzo. Akasema, "Dada, hebu niichape risiti, hata kama hakuna mteja." Akaingiza mauzo ya uongo, printa ikalia kre-kre-kre, karatasi ikaanza kutoka. Watu wawili wakageuka. Akachapa nyingine. Sijui kwa nini binadamu hawezi kuipita karatasi inayotoka kwenye mashine bila kuitazama, lakini hawezi. Mpaka mchana tulikuwa tunawachapia wageni risiti zenye majina yao, nao wakisubiri karatasi tunawaeleza jinsi mzigo unavyopungua stoo kila kitu kinapouzwa.

Sikuchelewa kuwajua wageni kwa mwendo wao. Kuna wa mifuko, wanaokusanya kalamu na pipi na vipeperushi ambavyo hawatavisoma. Hao wape kalamu, usiwape pumzi. Kuna washindani, ambao kitambulisho chao kifuani kimegeukia ndani kila wakati, eti kwa bahati mbaya, na maswali yao yako sahihi mno. Mnunuzi wa kweli haulizi programu inafanya nini. Anauliza ikiharibika Jumamosi jioni atampigia nani simu.

Tatizo la mwonyeshaji ni kwamba maonyesho yenyewe hayaoni. Unasimama kwenye mita zako chache tangu asubuhi hadi jioni, na yote unayoyajua kuhusu kumbi zaidi ya 20 zinazokuzunguka ni hadithi za watu waliotoka huko. Mwishowe mwenzangu akanifukuza. "Nenda ukatembee, dada. Banda nitalishika mimi."

Nilianza kwenye kumbi za simu, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na makelele. Agosti ya mwaka uliotangulia serikali ya Ujerumani ilikuwa imepiga mnada leseni za simu za kizazi cha tatu, kampuni sita zikalipa jumla ya karibu bilioni 100 za mark, fedha ya Ujerumani kabla ya euro, na sasa kila mtu alitaka kuonyesha kwamba fedha zile hazikutupwa. Mabanda yalikuwa na ghorofa, ngazi, wachezaji dansi, na mtangazaji mwenye maikrofoni ya sikioni akisema tutatazamana uso kwa uso tukiwa njiani. Nikajipenyeza hadi mbele, nikainyanyua simu moja iliyofungwa kwa waya. Ilikuwa nyepesi kama ganda la yai. Kwenye kioo chake picha ya mwanamke anayecheka haikubadilika nilipobonyeza kitufe chochote, na nilipoigeuza kuelekea taa nikaona pembe ya stika imeanza kubanduka. Plastiki tupu. Wakazi wa Ujerumani walianza kuuziwa huduma hiyo mwaka 2004, na Wajapani ndio waliotangulia, Oktoba ya mwaka uleule wa 2001. Simlaumu yeyote kwa kuonyesha kitu ambacho hakijawa tayari, maonyesho ndiyo kazi yake. Ila tangu hapo kila nilichokiona nilikuwa nakinyanyua kwanza.

Kumbi zilizonikaa moyoni zilikuwa za wauza vipuri. Hapakuwa na dansi. Wataiwan walikuwa mamia, banda kwa banda, kila moja na meza, viti vitatu, na kabati la kioo limejaa feni, nyaya, makasha, bodi. Wauzaji walikuwa wakila chakula chao hapohapo nyuma ya pazia huku wakipiga hesabu za makontena. Mabanda ya wakubwa yalikuwa yanaizungumzia tasnia ya kompyuta; hapa ndipo ilipokuwa inauziana.

Mzee mmoja alikuwa anauza pawa saplai, kisanduku kinachoipa kompyuta umeme. Aliponiona nainyanyua moja, akatabasamu, akanipa nyingine mkono wa pili bila kusema neno. Lebo zote mbili ziliandikwa watt 300. Ya kulia ilikuwa nzito kama tofali, ya kushoto ungeweza kuirusha hewani na kuidaka. Akatoa bisibisi mfukoni, akafungua zote mbili. Kwenye ile nzito kulikuwa na koili nene za shaba pale umeme unapoingia, na mapande mapana ya alumini ya kutolea joto. Kwenye ile nyepesi bodi ilikuwa ileile, hata alama za mahali pa kuchomelea koili zilikuwepo, lakini matundu yalikuwa matupu. Kwenye nafasi ya koili kulikuwa na vipande vya waya vya kuunganishia upande huu na huu. Alumini ilikuwa nyembamba kama mfuniko wa kopo. Umeme ukipita humo unafika, ila uchafu wake wote unafika pia.

Nikamuuliza ipi yake. Akacheka akasema zote, inategemea mteja anataka kulipa ngapi. Nilimpenda kwa jibu hilo kuliko watangazaji wote wa siku ile.

Nilirudi kwenye kona yetu nikamkuta mwenzangu kakunja uso. Mbele ya kaunta alisimama bwana wa makamo mwenye koti la mvua, hana mfuko, hana kalamu ya bure. Alikuwa na maduka kadhaa, akasema, na mauzo yake bado yako kwenye mashine za zamani za kaunta. Aliingiza bidhaa tatu, akaacha mauzo hayajafungwa, akainama, akachomoa waya wa kompyuta kwenye soketi. Skrini ikazima. Mwenzangu aliguna kwa Kiswahili neno ambalo sitaliandika. Yule bwana akaurudisha waya, akakunja mikono, akasubiri mashine iwake. Ilipowaka na programu ikafunguka, mauzo yalikuwa palepale, bidhaa tatu, yanasubiri malipo.

Ndipo alipouliza swali lake la kwanza. Ujerumani wakati ule ilikuwa na viwango viwili vya kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 kwa bidhaa nyingi na asilimia 7 kwa vyakula vingi na vitabu. Risiti yetu inaweza kuvitenganisha? Haikuweza, tulikuwa na kiwango kimoja. Nikamwambia arudi kesho. Akasema na jambo la pili: Januari euro inaingia mifukoni mwa watu, na mark itabadilishwa kwa 1.95583 kwa euro moja, tarakimu zote sita, hairuhusiwi kuikata.

Usiku ule kochi la jirani halikulaliwa. Tulikaa jikoni kwa ile familia tukiandika upya sehemu ya kodi, kwenye kompyuta ya mtoto wao, tukiwa tumeahidi kutogusa michezo yake.

Asubuhi alikuja na mhasibu wake, mama mwenye kikokotoo cha mkononi. Tukachapa risiti ya bidhaa tatu za pfennig 99 kila moja, pfennig 100 zikiwa mark moja. Programu iliandika kodi pfennig 42. Yeye alipata 41. Akainua miwani, akatuuliza ile moja imetoka wapi, naye wala hakuwa anatania. Nikachukua karatasi nikamwonyesha: sisi tumepiga kodi ya asilimia 16 iliyomo ndani ya bei ya kila bidhaa tukaikamilisha hadi pfennig nzima, 14 mara tatu, yeye amepiga kwenye jumla ya mark 2.97. Akaifuatilia hesabu kwa ncha ya kalamu mstari kwa mstari, akamgeukia bosi wake wakasemezana Kijerumani. Kisha akaniambia kwao wanapiga kwenye jumla, tubadilishe hivyo, na leseni za maduka yote tunawauzia shilingi ngapi, yaani mark ngapi, na hiyo bei ina kodi ndani au nje?