Kasa Kwenye Kiti cha Nyuma

Kasa wa kwanza nilimwona mchana wa Jumatatu, tarehe 15 Februari 2021, akielea ukingoni mwa ghuba ya Laguna Madre kama sinia lililopinduliwa. Kichwa kimezama, mapezi yamelegea. Nilijua ni kasa kabla sijamkaribia, maana mimi ni mtoto wa Faza, kisiwani Pate huko Lamu, na kasa sikumjulia kitabuni. Nilichokuwa sijui ni kwamba kasa anaweza kushikwa na baridi mpaka ashindwe hata kuinua kichwa apumue.

Mke wangu na mimi tulikuwa South Padre Island, kisiwa chembamba cha mchanga kwenye ncha ya kusini kabisa ya Texas, karibu na mpaka wa Mexico. Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza kuikimbia baridi. Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, tumeishi miaka mingi, yeye muuguzi, mimi dereva wa malori ya masafa, na tulipostaafu aliniambia neno moja tu: "Baba watoto, theluji mimi sipigi koleo tena. Nimemaliza."

Tukanunua gari-nyumba la mtumba. Huku huliita arivii: kitanda, jiko la gesi, choo na bafu, vyote juu ya magurudumu. Gari letu dogo tukalivuta nyuma. Tuliteremka na barabara ya I-35, Des Moines, Kansas City, Oklahoma City, Dallas, San Antonio, kiasi cha kilomita 2,500, na kila tukilala na kuamka tunapunguza nguo moja. Siku ya nne tukavuka daraja la Queen Isabella madirisha wazi, harufu ya chumvi ikaingia. Mke wangu alinyamaza kimya. Tulipofika ng'ambo akasema, "Lamu hii."

Kambini kila gari lina nafasi yake na nguzo yake: soketi ya umeme, bomba la maji, tundu la maji machafu. Ukishachomeka waya na kufunga mpira wa maji, umehamia. Majirani zetu walikuwa wazee wa Iowa, Wisconsin na Illinois. Wakulima wa mahindi, walimu, fundi bomba mmoja, na wajane wengi kuliko nilivyotarajia. Wenyeji wana jina lao kwa wageni hawa, Winter Texans, watu wanaokuja na kipupwe na kuondoka mwezi wa tatu. Wakanada mwaka ule hawakuonekana, kwa kuwa mpaka wa nchi kavu ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona. Nafasi zao zilikaa tupu, na watu walipozipita walizitaja kwa majina ya wenyewe.

Nimewasikia watu wetu wengi wakisema wazee wa Kizungu wametupwa na watoto wao. Mimi nimekaa nao, na hawa hawakutupwa na mtu. Wamechagua kuzeeka pamoja mahali penye jua. Ukikohoa usiku, asubuhi una supu mlangoni. Hilo nililiona kwa macho yangu kabla ya baridi kuja, na baridi ilipokuja nililiona zaidi.

Usiku wa kuamkia Jumatatu ile baridi kali ilitufikia na umeme ukakatika. Hita yetu ni ya gesi, na gesi tulikuwa nayo, lakini feni inayosukuma lile joto inategemea betri, na betri bila umeme wa nguzoni haina maisha marefu. Karibu na alfajiri niliisikia feni ikipunguza sauti, ikakwaruza, ikanyamaza. Nilipotoka nje, mpira wa maji umekuwa mgumu kama bakora. Minnesota baridi ni kali mara kumi ya ile, lakini kule una nyumba. Hapa tulikuwa ndani ya kuta unazoweza kuzitoboa kwa bisibisi.

Jirani yetu wa mkono wa kushoto, bibi wa miaka themanini na kitu kutoka Iowa, hulala na mashine ya oksijeni. Mke wangu alivaa koti juu ya dera akaenda kumgongea. Akamkuta kitandani, mtungi wa akiba ubavuni, anahesabu saa zilizobaki. Yule fundi bomba wa Wisconsin alikuwa na jenereta. Aliikokota mwenyewe mpaka nje ya mlango wa bibi, akamuunganishia yeye kwanza, halafu wakapanga zamu kwa wengine: kila gari saa moja, betri zipate chaji. Hakuna aliyeandika orodha wala hakuna aliyeruka zamu.

Mchana niliteremka ufukweni kutembea ili nipate joto. Ndipo nikamwona yule kasa, na nyuma yake mwingine, na upande wa pili watatu wamesukumwa na upepo kwenye nyasi. Niliingia maji mpaka magotini, yakaniuma hadi mfupani. Nikamshika ukingo wa gamba, mkono mmoja nyuma ya shingo na mmoja juu ya mkia, vile babu yangu alivyonifundisha kwa kazi nyingine kabisa.

Kisiwani kuna Sea Turtle Inc., shirika linalotibu kasa tangu 1977. Habari ilikwisha kuenea kambini kwamba kila mwenye gari alete. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi, kasa hupooza. Hajafa, lakini atazama akiachwa. Nikamwita mke wangu. Tukakunja kiti cha nyuma, tukatandika turubai na mashuka ya zamani. Wa kwanza alikuwa na uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Kulikuwa na mmoja tuliyembeba wazee watatu, na mdogo wetu ni mimi.

Tulipewa sharti moja: tusiwashe hita ya gari. Kasa aliyepooza akipashwa joto kwa ghafla anaweza kufa. Sasa gari lile ndilo lilikuwa mahali petu pekee pa kuota joto, tulikuwa tukiingia kwa zamu dakika kumi kumi. Tukaizima hita. Tukaendesha madirisha yamejaa ukungu wa pumzi zetu, mke wangu amekaa nyuma na mkono juu ya gamba, kila mara akiinama kutazama kama pua inatikisika. Alivyokuwa akiwatazama wagonjwa wake, vilevile.

Tuliwapeleka kwenye ukumbi wa mikutano wa kisiwa, maana nafasi hospitalini kwao iliisha mapema. Siku zile waliingia humo karibu kasa 5,000. Waliwekwa sakafuni juu ya maturubai, mistari kwa mistari, ukuta hadi ukuta, namba migongoni, na wahudumu wakipita katikati kwa ncha za miguu. Ukumbi umejaa viumbe namna ile na husikii kitu. Nilisimama pale mlangoni nikiwa nimekumbatia mmoja, sijui nimweke wapi, na miguu ikanitetemeka, si kwa baridi.

Usiku tulikaa kwa bibi wa Iowa, jenereta ikinguruma nje. Akaniuliza nimejifunza wapi kumshika kasa. Ningeweza kusema nimezaliwa pwani, yakaisha. Lakini nilimweleza, na huku Marekani sijawahi kumweleza mtu.

Babu yangu alikuwa mvuvi wa kasa kwa chazo. Chazo ni samaki mwenye kitu kama soli ya kiatu utosini. Akikibandika kwenye gamba habanduki. Babu alimfunga kamba mkiani, akatulia mashuani kimya, akisikiliza. Kasa akipanda kuvuta pumzi hutoa sauti, fuu, fupi, kama mtu anayepuliza taa. Hapo babu alimwachia chazo, chazo anakwenda kunata, na babu anavuta taratibu. Kasa akipandishwa hulazwa chali. Nilikuwa na miaka saba hivi nilipokaa mkabala na mmoja hadi tukarudi, anatoka machozi mazito. Nikauliza kama analia. "Anatoa chumvi, mjukuu wangu," alisema, na ni kweli, kasa hutoa chumvi ya bahari kwa tezi za machoni. Lakini nyama ile sikuila, na nilikaripiwa. Leo kumkamata kasa Kenya ni kosa, na sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Babu naye hakuwa mkatili. Alikuwa na watoto tisa.

Bibi alisikiliza, mrija wa oksijeni puani. Kisha akasema kwao shambani, ndama waliomlea jikoni kwa chupa ya maziwa walimpa jina, na vuli wakamuuza kwa mchinjaji, na jina lake analikumbuka hadi leo. Akalitaja. Tukakaa.

Umeme ulirudi, ukakatika, ukarudi. SpaceX, ambao uwanja wao wa roketi uko Boca Chica hapo ng'ambo, walileta jenereta kubwa kwa ajili ya hospitali ya kasa. Wiki ilipokuwa inakwisha jua lilitoka na maji yakaanza kupata joto. Makundi ya kwanza yakapakiwa mashuani kurudishwa Ghuba ya Mexico, na mimi na fundi bomba tukachukuliwa kusaidia kubeba.

Ubavuni mwa mashua kulikuwa na ubao wa kuteleza. Unamweka kasa juu, anateleza mwenyewe. Wengi walipiga mbizi hapohapo. Mmoja wangu alibaki juu ya maji, hajigusi, nami nikainama ukingoni nikimtazama, fundi bomba amenishika ukosi wa koti nisianguke. Kisha akainua kichwa. Fuu. Akazama.