Cheti kimetoka, jamani!

Alhamdulillahi, leo nimekabidhiwa cheti cha mwendeshaji wa mitambo ya maji.

Mtihani wa vitendo ulikuwa kupima klorini, ile dawa ya kuua vijidudu majini, kwenye bomba la mwisho mtaani. Unakinga maji, unatia kidonge cha kupimia, unatikisa, unasubiri. Ile rangi ya waridi ilikuja polepole, mimi pumzi nimeibana. Miligramu 0.3 kwa lita! Ingeshuka chini ya 0.2, kiwango cha chini kinachotakiwa, ningeanza kumtafuta mchawi kwenye mabomba.

Maji yetu Lamu yatoka visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Ukivuta kupita kiasi, chumvi yaingia. (Na bado watu wang'ang'ania kujenga huko!)

Mama kaniuliza, "Sasa maji yatatoka kila siku?"
Mama, hicho ni cheti, si mvua!

Wa mitaa ya Mkomani na Langoni, maji yenu leo yana ladha gani?