Si Mtumwa Tena, Halafu?

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Filemoni 1:16: "tokea sasa, si kama mtumwa, lakini zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa."

Nimelisoma nikiwa na habari za Kansas kichwani. Mwaka 1854 Bunge la Marekani liliwaachia walowezi wa huko waamue wenyewe kama utumwa uwepo au usiwepo. Damu ilimwagika, na katiba nne ziliandikwa mpaka moja ikapita.

Ya kwanza iliandikwa na wapinga utumwa, mjini Topeka, 1855. Ilipiga utumwa marufuku. Ila siku ya kura kulikuwa na swali jingine: watu weusi, hata walio huru, wazuiwe kuingia? Wazuiwe, zilisema kura 1,287. Zilizokataa ni 453. Watu walewale, siku ileile! Wengi walichoogopa ni tajiri mwenye watumwa kummeza mkulima mdogo mweupe. Mtumwa mwenyewe hakuwa kwenye hesabu. Ni kama walisoma "si kama mtumwa" wakafunga Biblia.

Julai 1859 wajumbe 52 walikaa mjini Wyandotte kuandika katiba ya nne, ile iliyopita. Safari hii hoja ya kuwazuia weusi ilianguka, na utumwa ukakatazwa. Clarina Nichols, mtetezi wa haki za wanawake, hakuwa mjumbe, lakini alihudhuria vikao akifuma kwa sindano zake, masikio wazi. Wanawake wakapata haki juu ya mali zao na kura katika mambo ya shule. Kura nyingine zote zikabaki za wanaume weupe. Wananchi waliipitisha kwa 10,421 dhidi ya 5,530, na Januari 29, 1861 Kansas ikawa jimbo la 34.

Ningependa kuwacheka wale wa Topeka, lakini ngoja niseme ya kwangu. Binti anayetusaidia kazi nyumbani, mshahara wake haujawahi kuchelewa hata siku moja, na Jumapili anapumzika. Nilikuwa najisifu kimoyomoyo. Juzi mgeni alifungua kabati atafute kikombe cha chai, akashika kile cha bluu cha plastiki. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Aa, hicho acha, hicho ni cha dada."

Naye alikuwa mlangoni, na ndoo ya maji mkononi.