Simu tano na mkoko uliolala

Leo mtoto wa binamu yangu ametimiza siku arubaini. Nyumba nzima inanukia udi, na kila mgeni anayeingia anataka asimuliwe upya habari za ule usiku wa Mkanda. Msimulizi ni Mjomba, na kila akirudia, matope yanazidi kina. Nami nausimulia hapa kwa sababu kuna wanaotaka mawasiliano yote ya dharura yawe chini ya ofisi moja, na usiku ule umenipa la kusema. Mimi sikuwa matopeni. Nilikuwa juu darini, hapa Langoni, mjini Lamu, ndipo mtandao unaposhika vizuri, na simu yangu ilikuwa na chaji asilimia 14.

Ilikuwa bamvua, mwezi una siku kumi na tano. Anayeijua Lamu anaelewa maana yake: jioni maji yamejaa hadi kulamba gati, na kufika saa nne na nusu usiku yamekupwa mpaka mtu anaokota chaza. Binamu yangu alishikwa na uchungu kule Pate kabla ya siku zake. Wakatoka Mtangawanda wamechelewa, na Mjomba akaamua kupita Mkanda badala ya kuzunguka bahari kuu. Mkanda, kwa wasioujua, ni ule mlango mwembamba wa mikoko baina ya Manda na bara. Maji yakijaa ni njia ya mkato. Yakikupwa ni mtego.

Saa tatu na dakika kumi simu ikalia. "Mwanangu, tumekwama. Mai yakupwa. Tafuta mtu."

Namba ya kwanza niliyopiga ni ile ya dharura tuliyofundishwa shuleni, 999. Iliita, ikaita, ikakatika. Ya pili ikapokewa na kijana mwenye adabu sana, kwa sauti yake nikajua hayuko pwani. "Dada, uko kaunti gani?" Nikamwambia. "Mgonjwa yuko karibu na barabara ipi?" Nikamwambia hakuna barabara, yuko kwenye mashua, Mkanda. Kimya. Kisha akaniuliza Mkanda inaandikwaje. Simcheki. Fomu iliyo mbele yake ina nafasi ya barabara, haina nafasi ya mkondo. Akasema ananiunganisha na wahusika, laini ikafa.

Ofisi ya tatu ikaniambia mgonjwa ni wa kaunti. Ya nne, ya kaunti, ikaniambia mambo ya baharini ni ya serikali kuu, lakini watanipigia. Labda walipiga. Simu ilikuwa na kazi nyingine.

Ya tano nilimpigia nahodha mmoja wa Shela, rafiki wa marehemu baba. Hakuniuliza kaunti. Aliuliza, "Wako kabla ya mkoko uliolala au baada?" Nikampigia Mjomba, nikamrudia: kabla, upande wa Manda. "Haya. Mwambie asizime taa."

Alikwenda na wanawe wawili kwa boti ndogo ya faiba hadi maji yalipokataa. Kutoka hapo wakateremka na mtumbwi, wakausukuma kwa miguu, matope magotini (Mjomba leo anasema kiunoni), wakampakia binamu yangu kama anayepakia mayai, wakarudi naye vivyo hivyo. Saa sita kasoro walikuwa gatini. Mtoto akazaliwa alfajiri.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kitu kimoja: usiku ule, nani hasa alikuwa na wajibu wa kupokea simu yangu? Nimeifungua Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne. Udhibiti wa majanga umeandikwa kwa serikali kuu, na umeandikwa tena kwa kaunti. Zimamoto na ambulensi ni za kaunti. Walinzi wa pwani wana sheria yao ya 2018, ni wa serikali kuu. Kituo cha kuratibu uokoaji wa baharini kiko Mombasa. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, ila wao walikuwa na hofu ya manahodha wanaogombea usukani. Mimi niliwakuta wanasukumiana.

Kwa hiyo wanaosema mawasiliano yote ya dharura yawekwe chini ya ofisi moja nawaelewa. Hata 999 yenyewe ilizaliwa na kilio kama changu. Novemba 1935 nyumba iliungua Wimpole Street, London, wakafa wanawake 5. Jirani aliyewapigia zimamoto aliwekwa kwenye foleni na swichibodi. Akaandika gazetini kwa hasira, na Juni 1937 London ikapata namba yake.

Marekani ndiyo iliyonipa mawazo zaidi. Kule namba yao ya dharura, 911, ilianzia mji mdogo, Haleyville, Alabama, Februari 1968, kisha kila eneo likajijengea kituo chake, mpaka leo vimepita 5,000. Baadaye serikali za majimbo zikaanza kuviweka chini ya ofisi au bodi ya jimbo: kanuni moja, mitambo inayoelewana, na ada ndogo ndani ya bili ya simu ya kila mtu ili kugharimia huduma. Jambo zuri. Lakini ada ikishakusanywa mahali pamoja, mkono nao unajua pa kuingia. Ripoti za shirikisho zimeitaja New Jersey na New York mara nyingi kwa kuzipeleka pesa hizo kwenye matumizi mengine. Kumbe si sisi peke yetu.

Na kuna la Aprili 2014, ambalo nililisoma mara mbili. Kompyuta moja huko Colorado, iliyokuwa ikigawa simu za 911, ilikuwa ikiipa kila simu namba yake. Kihesabu kikafika kikomo alichokiweka mtu zamani, kikagoma. Majimbo 7 yakaguswa, mengine mbali kabisa na Colorado, na simu zaidi ya 6,600 hazikufika kwa mtu yeyote. Kwa saa kadhaa watu wakapiga na kupiga, kama mimi darini.

Basi mimi nataka ofisi moja, ndiyo. Nataka mlango mmoja wa kubisha asubuhi ya pili yake, niulize kwa nini simu ya kwanza haikupokewa, na asiwepo wa kuniambia "hilo si letu". Fedha na kanuni zikae hapo, na redio za polisi, za ambulensi na za walinzi wa pwani zifanywe kusikizana. Sikio ndilo lisihamishwe. Anipokee mtu wa hapa, anayejua kwamba mjini kwetu ambulensi ya magurudumu haipiti uchochoroni, na kwamba saa ya maji ni muhimu kuliko jina la barabara. Je, ni gharama? Ni gharama. Hata udi ni gharama, na leo tumeuchoma tangu asubuhi.

Namba ya yule nahodha nimeihifadhi simuni kwa jina la "Mkanda". Juzi nilimpigia kumwalika kwenye arubaini, hapatikani. Mkewe akaniambia yuko Kiunga anavua kamba, atarudi mwezi ukiandama.